Jinsi ya kufanyia mazoezi fadhila za Aristotle, anza na hasira

Kama unataka kuyaishi yale Wagiriki wa kale walifundisha kuhusu maisha mema, usihangaike na wanafalsafa wote kwa mpigo, shika Aristotle kwanza. Huyu alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akaja kufundisha kwenye shule yake ya Lyceum pale Athens, na kwenye kitabu chake cha Nicomachean Ethics anasema wazi kwamba hatuchunguzi haya ili tujue tu fadhila, yaani tabia njema, ni nini, ni ili tuwe watu wema, la sivyo faida hakuna. Na wema hauji kwa kusoma, unakuja kwa kutenda, mtu anakuwa jasiri kwa kufanya mambo ya kijasiri tena na tena mpaka yamkae.

Mimi nashauri uanze na hasira maana kila mtu anayo na inajitokeza kila siku.

Cheki kwanza wewe umeelemea wapi. Fadhila iko katikati ya makosa mawili, ujasiri uko kati ya woga na kujitosa ovyo, ukarimu kati ya uchoyo na kutapanya. Kwenye hasira Aristotle amechambua watu vizuri sana aisee, kuna wale wanaowaka haraka, tena kwa mtu asiyehusika, ila wanapoa haraka na hilo ndilo zuri lao, halafu kuna wenye kinyongo, hawa wanaficha, na kwa sababu hawaonyeshi hakuna wa kuwatuliza, basi wanabaki nayo moyoni muda mrefu wakijiumiza wenyewe na watu wao wa karibu. Na usidhani asiyekasirika kabisa ndio mshindi, mtu anayekubali kutukanwa na kuona ndugu zake wanadharauliwa akanyamaza, huyo naye Aristotle anamhesabu amekosea.

Ukishajijua, jivute upande wa pili, tena vuta kwelikweli, kama fundi anayenyoosha ubao uliopinda. Wewe wa kuwaka, usijibu ile meseji sasa hivi, jiulize kwanza: huyu ndiye aliyenikosea? kosa lina uzito huu? ni wakati wake? Wewe wa kinyongo fanya kinyume, mfuate mhusika umwambie leoleo, kwa utulivu.

Hapa watu wanakosea, wanadhani katikati ni nusu kwa nusu. Sivyo. Aristotle anatoa mfano wa chakula, kama mina 10 (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni nyingi na 2 ni kidogo, kocha hampi kila mtu 6, kwa mwanamieleka Milo hiyo ni kidogo na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kwa hiyo usikopi kipimo cha mwenzako. Na kuna mambo hayana katikati kabisa, wizi, uzinzi na kuua, huwezi kusema umeiba kwa kiasi.

Utajuaje unapiga hatua? Angalia unavyojisikia ukishatenda. Ukijizuia huku roho inakuuma na unatamani ungemrushia maneno, tabia bado haijakaa, endelea tu. Ukiona umeongea na mtu kwa haki na moyo umeridhika, basi hasira imeanza kukaa sawa, chukua tabia nyingine sasa, labda uchoyo.