Linux Mint 22: anza na draiva ya grafiki, mandhari yaje mwisho

Aliyetoka kusakinisha Linux Mint huvutwa kwanza na sura: aikoni mpya, rangi nyeusi, paneli iliyopambwa. Afadhali hayo yasubiri. Draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, inagusa keneli (kiini cha mfumo) na skrini yenyewe, na ikigoma unaweza kubaki unatazama skrini nyeusi. Mandhari (theme, yaani sura ya madirisha, paneli na aikoni) ni faili tu ndani ya folda yako ya nyumbani. Ukifanya vyote kwa pamoja, kisha skrini ikaanza kuyumba, utatafuta chanzo mahali pasipo. Utaratibu unaofaa ni masasisho, draiva, programu, kisha mapambo.

Maelezo haya ni ya Linux Mint 22 yenye Cinnamon (programu ya eneo-kazi lake), iliyotoka Julai 2024 na itakayopata masasisho hadi 2029. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, kwa hiyo karibu amri zote za draiva na za apt (kisakinishi cha vifurushi) zilizomo humu zinafanya kazi kwenye Ubuntu pia. Sehemu ya mandhari ndiyo inayotofautiana sana, kwa sababu Ubuntu hutumia GNOME badala ya Cinnamon.

Kabla ya kugusa draiva

Fungua Timeshift, ambayo imekuja na Mint, chagua RSYNC, kisha tengeneza nakala ya mfumo. Nakala ya kwanza ni nzito, karibu sawa na mfumo wenyewe. Zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Inataka diski yenye mfumo wa faili wa Linux kama ext4, kwa hiyo diski ya nje ya NTFS au FAT32 haitakubaliwa. Elewa pia kwamba kwa kawaida Timeshift haihifadhi nyaraka na picha zako. Kazi yake ni kuurudisha mfumo, na nyaraka zitafutie nakala nyingine.

Kisha sasisha:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Amri ya kwanza inasoma orodha mpya ya vifurushi, ya pili inavipakua na kuvisakinisha. Kasi ikiwa ndogo mno, fungua Software Sources ubadilishe seva: programu hiyo hupima seva mbalimbali na kuonyesha zenye kasi kwa mtandao wako. Kama keneli mpya imeingia, washa kompyuta upya kwanza, ili draiva ijengwe kwa keneli utakayoitumia.

Draiva: jua kadi yako kwanza

Fungua terminali uandike:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'

Tazama mstari wa "Kernel driver in use". Ukisema i915, una Intel. Ukisema amdgpu au radeon, una AMD. Ukisema nouveau, una Nvidia inayoendeshwa na draiva huria iliyokuja na mfumo.

Mwenye Intel au AMD hana cha kusakinisha. Draiva yake imo ndani ya keneli, na sehemu nyingine imo kwenye Mesa (maktaba ya grafiki iliyokuja na mfumo), na zote mbili hupanda kwa masasisho ya kawaida. Laptopu za mtumba zilizojaa madukani mwetu, ThinkPad, Latitude na EliteBook, nyingi zina Intel peke yake, na ni huzuni kuona mtu akimaliza bando kutafuta draiva ambayo tayari anayo.

Kwa Nvidia, fungua Driver Manager kwenye menyu, subiri imalize kutafuta, kisha chagua iliyoandikwa "recommended". Anayependa terminali atumie:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Ya kwanza inaonyesha kadi na matoleo yanayoifaa, ya pili inasakinisha lililopendekezwa. Umri wa kadi ndio unaoamua. GeForce za 400 na 500 ziliishia draiva 390, ambayo Nvidia iliacha kuitunza mwaka 2022. Hizo zibaki na nouveau. Nyingi za 600 na 700 zinaishia 470, isipokuwa GTX 750 na 750 Ti, ambazo ni za kizazi kilichofuata. Za 900 na GTX 10 zinafika 580 na kukomea hapo. Usilazimishe namba kubwa kwa kudhani ndiyo bora: draiva isiyoijua kadi yako haitaiendesha.

Utaona pia majina yanayoishia na "-open". Hayo yanahitaji GTX 16, RTX 20 au mpya zaidi. Ukiiweka kwenye GTX 1050, kwa mfano, usakinishaji utaisha bila kosa lolote, halafu ukiwasha kompyuta kadi haitaamka. RTX 50 ni kinyume chake, zinaikubali hiyo "-open" peke yake.

Secure Boot, mahali wengi wanapokwama

Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na Windows mara nyingi ina Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizosainiwa wakati wa kuwaka, iliyowashwa. Hakiki:

mokutil --sb-state

Kama imewashwa, keneli haitapokea moduli (kipande cha draiva kinachopakiwa ndani yake) ambayo haijasainiwa kwa ufunguo unaojulikana na kompyuta. Ndiyo maana wakati wa kusakinisha draiva unaweza kuombwa uweke neno la siri la muda. Liandike kwenye karatasi. Kompyuta ikiwaka upya itatokea skrini ya bluu yenye kichwa "Perform MOK management". Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika lile neno la siri, halafu Reboot. Skrini hiyo husubiri sekunde chache tu kisha hupita, na asiyeitarajia huiona kama hitilafu akabonyeza chochote. Kibodi hapo hufuata mpangilio wa Kimarekani, hivyo neno la herufi na tarakimu pekee litakuepushia usumbufu.

Ikikupita, draiva itakuwepo kwenye diski lakini haitapakiwa, na ukijaribu sudo modprobe nvidia utapata "Key was rejected by service". Hakuna haja ya kufuta kitu. Omba upya:

sudo update-secureboot-policy --enroll-key

Kisha washa upya na usikilizie ile skrini ya bluu. Njia ya pili ni kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya BIOS. Inafanya kazi, lakini unaondoa kinga iliyokuwapo, na kama una Windows yenye BitLocker (usimbaji wa diski) kando, itaweza kukudai ufunguo wa kurejesha. Andaa ufunguo huo kabla ya kuzima.

Kuhakikisha, na kujinasua skrini ikiwa nyeusi

Andika nvidia-smi. Jedwali lenye jina la kadi na namba ya draiva likitokea, kazi imekamilika. Ukiambiwa imeshindwa kuwasiliana na draiva, andika dkms status, inayoonyesha kama moduli imejengwa. Kama nvidia haionyeshi "installed" mbele ya keneli yako, yaelekea vichwa vya keneli (faili zinazohitajika kujenga moduli) havipo:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Draiva za zamani kama 470 huenda zikashindwa kujengwa kwenye keneli mpya sana. Ikitokea hivyo baada ya sasisho, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wakati wa kuwaka (jinsi ya kuifikia ipo hapa chini), ingia Advanced options uchague keneli ya awali, na ubaki nayo.

Laptopu yenye Intel pamoja na Nvidia inahitaji uamuzi mmoja zaidi. Amri sudo prime-select on-demand, ikifuatwa na kuwasha upya, inaiachia Intel kazi za kawaida na kuiita Nvidia pale tu unapoitaka. Betri hudumu zaidi kuliko kuiacha Nvidia iendeshe kila kitu. Kwenye menyu ya Cinnamon, bofya programu kwa kitufe cha kulia uchague kuiendesha kwa kadi ya pili.

Skrini ikibaki nyeusi, jaribu Ctrl+Alt+F2. Ukipata sehemu ya kuingia kwa maandishi, andika jina lako na neno la siri, kisha:

sudo apt purge '^nvidia-.*'
sudo reboot

Mfumo utarudi kwa nouveau. Hata hapo pasipoonekana, washa upya huku ukishikilia Shift, au ukigusa Esc kwenye kompyuta za UEFI (nyingi za kisasa), hadi menyu ya GRUB itokee. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Badiliko hilo ni la mara moja tu, linakupa nafasi ya kuingia na kusafisha.

Onyo kwa mkazo: usipakue faili la .run kutoka tovuti ya Nvidia ukalisakinisha kwa mkono. Linaweka faili bila apt kujua, na sasisho la keneli likija moduli inaweza kuachwa nyuma ukabaki bila skrini. Aliyekwisha kulisakinisha aendeshe sudo nvidia-uninstall kabla ya kurudi Driver Manager.

Programu: chanzo kimoja kwa kila programu

Software Manager inaonyesha vifurushi vya mfumo na vya Flatpak (vinavyokuja na maktaba zake) pamoja, na programu moja yaweza kuwa na matoleo yote mawili. Angalia ukubwa kabla ya kubonyeza. Kifurushi cha mfumo hutumia maktaba zilizopo tayari. Flatpak ya kwanza huja na msingi wake, na mamia ya megabaiti hupotea kabla programu yenyewe haijafika; ya pili inayotumia msingi uleule huwa nafuu. Kwa mwenye bando la kuhesabu, anza na apt. Chukua Flatpak pale toleo la apt limepitwa na wakati kwa kazi yako, na baadaye punguza mizigo kwa flatpak uninstall --unused.

Kodeki za muziki na video, kama hukuzichagua wakati wa kusakinisha Mint:

sudo apt install mint-meta-codecs

Faili la .deb ulilopakua mwenyewe, lisakinishe hivi ukiwa ndani ya folda lilimo:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Hiyo ./ si pambo. Bila hiyo apt inatafuta kwenye hazina ya mtandaoni badala ya kwenye folda yako. Amri dpkg -i nayo husakinisha faili la .deb bila kuleta vifurushi tegemezi na kukuachia mfumo nusu. Tiba yake ni sudo apt --fix-broken install.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, usiogope. Ukirudi, andika sudo dpkg --configure -a, na kazi itaendelea ilipoishia. Na ukiona "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", maana yake programu nyingine, mara nyingi Update Manager, inasakinisha kitu wakati huohuo. Subiri imalize. Ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa rm upo kila mahali, nao huharibu kumbukumbu ya vifurushi kama kazi ilikuwa inaendelea kweli.

Kwa darasa au ofisi yenye kompyuta kadhaa na mtandao mmoja wa simu, tumia apt-get badala ya apt: sudo apt-get install -d vlc inapakua tu, na faili hubaki /var/cache/apt/archives. Apt ya kawaida huzifuta baada ya kusakinisha. Zinakili kwenye flashi uzipeleke kwenye kompyuta nyingine zenye toleo lilelile la Mint. Hupakua tu vile ambavyo kompyuta ya kwanza haina, kwa hiyo anzia kwenye kompyuta iliyo safi zaidi.

Mandhari

Njia rahisi ni System Settings, kisha Themes, kisha sehemu ya Add/Remove. Unachagua, unapakua, na sasisho zake utazipata humohumo. Baadhi yapo pia kwenye apt:

sudo apt install papirus-icon-theme arc-theme

Uliyopakua kwenye tovuti huja kama .zip au .tar.xz. Mandhari ya madirisha na paneli yaende ~/.themes, aikoni na vishale vya kipanya viende ~/.icons. Folda hizo hufichwa. Ctrl+H huzionyesha, na kama hazipo zitengeneze.

mkdir -p ~/.themes
tar -xf ~/Downloads/mandhari.tar.xz -C ~/.themes

Yasipotokea kwenye orodha, karibu kila mara sababu ni folda ndani ya folda. Ukifungua ~/.themes/Jina unapaswa kukuta moja kwa moja gtk-3.0, cinnamon au index.theme. Ukikuta folda nyingine yenye jina lilelile, isogeze juu hatua moja. Sababu nyingine ni kwamba umepakua msimbo wake ambao haujajengwa: ukiona faili za .scss na install.sh, soma maelekezo, mara nyingi yanataka kifurushi cha sassc kwanza. Isome na hiyo install.sh kabla ya kuiendesha, hasa ikidai sudo. Mandhari ya mtumiaji mmoja hayahitaji sudo.

Programu chache zitakataa rangi zako hata ukifanya yote sawasawa. Zile zilizotengenezwa kwa libadwaita, maktaba ya sura ya programu za GNOME, hazifuati mandhari ya mfumo kwa makusudi ya watengenezaji wake, na ndiyo sababu Mint 22 ilirudisha programu kadhaa, kama kikokotoo na kalenda, kwenye matoleo ya GTK3, maktaba ya awali inayofuata mandhari. Flatpak nayo haioni folda yako hadi uiruhusu:

flatpak override --user --filesystem=~/.themes
flatpak override --user --filesystem=~/.icons

Synaptic (kisimamizi cha vifurushi) na nyingine zinazoendeshwa kwa haki za msimamizi husoma /usr/share/themes, kwa hiyo zitabaki na sura ya kawaida mpaka unakili mandhari huko.

Paneli ikipotea au maandishi yakiwa meupe juu ya weupe, Ctrl+Alt+Esc huanzisha Cinnamon upya bila kufunga madirisha yako. Isipotosha, rudisha mipangilio ya asili kwa terminali, ambayo Ctrl+Alt+T huifungua:

gsettings reset org.cinnamon.theme name
gsettings reset org.cinnamon.desktop.interface gtk-theme
gsettings reset org.cinnamon.desktop.interface icon-theme