Jinsi ya kupima uwezo halisi wa betri za tochi za kuchaji (18650) ukiwa na mita na resista tu

Wakuu, nianze na hili maana ndio linalowaumiza watu wengi huku kwetu Dodoma: betri ya 18650 yenye mAh 9900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) haipo. Ile namba 18650 ni vipimo tu, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, na kwenye kopo la ukubwa huo hata Panasonic, Samsung na LG betri zao kubwa zinacheza kwenye 3500 hivi. Kwaiyo ukikuta imeandikwa 6800 au 9900 jua lebo inadanganya, swali linabaki ndani kuna ngapi. Mlinzi anayekesha getini Nzuguni au mkulima wa zabibu Hombolo anayezunguka shamba usiku anahitaji kujua tochi itafika alfajiri au itamwacha saa nane.

Alafu usidanganyike na volti. Betri mbovu ikijaa inasoma 4.2 kwenye mita sawasawa na orijino. Ni kama ndoo na kikombe vyote vimejaa mpaka juu, ukitaka kujua kipi kina maji mengi lazima uyamwage huku unahesabu. Ndio kazi yenyewe hiyo.

Unahitaji: mita ya kawaida ya kupimia volti na omu, chaja ya lithiamu inayokata yenyewe, kishikizo cha betri, resista (kile kipande kinachobana umeme na kuugeuza joto) nyeupe ya omu 7.5 ya wati 5 (mafundi redio wanazo), na saa ya simu. Ukiwa na mizani ndogo ya gramu ni vizuri zaidi.

HATUA YA 1: Ikague na uipime uzito
18650 nzima huwa kwenye gramu 44 hadi 49. Ikisoma 30 na kitu hapo hujahitaji hata resista, ndani kuna kitu kidogo na nafasi imejazwa tu. Ila uzito mzuri peke yake hauthibitishi chochote maana betri ya zamani iliyochoka nayo ni nzito. Angalia pia plastiki ya nje kama imechanika, hasa juu kuzunguka chanya, kwasababu kopo lote la pembeni ni hasi na waya au kipande cha chuma kikigusa pale inapiga shoti. Imebonyea, ina kutu, inavuja au volti iko chini ya 2? Usiichaji kabisa, weka pembeni. Na usiipasue kuona kilichomo, inaweza kuwaka mkononi.

HATUA YA 2: Ijaze mpaka mwisho
Chaji mpaka chaja ikate yenyewe, usiitoe mapema. Itoe, iache kama saa moja ipoe na itulie, alafu pima. 4.15 hadi 4.20 ni sawa. Ikizidi 4.25 chaja yako ni mbovu, acha kuitumia. Kama chaja imekata vizuri lakini baada ya hiyo saa moja betri imeshashuka mpaka 4.0, hiyo haishiki chaji, hata usiendelee nayo.

HATUA YA 3: Imwage huku unahesabu
Kwanza pima resista yenyewe, maana iliyoandikwa 7.5 inaweza kuwa 7.2 au 7.8. Gusanisha ncha za mita uone zenyewe zinasoma ngapi, utoe hiyo. Weka resista juu ya kigae au tofali, sio juu ya meza ya plastiki, kwasababu betri ikiwa imejaa inapitisha ampea 0.56 hivi na joto la zaidi ya wati 2 linaishia pale, inaunguza kidole kweli kweli. Unganisha, anza saa, na kila dakika 15 andika volti ya betri ikiwa na mzigo, yaani resista ikiwa bado imeunganishwa, ncha za mita ziguse betri yenyewe sio mwisho wa waya.

Inaanza juu ya 4, inashuka polepole, inakaa muda mrefu maeneo ya 3.7 na 3.6, alafu ikifika 3.3 inaporomoka kwa haraka, hapo usiondoke, kaa nayo. Ikigusa 2.8 chomoa, andika muda. Resista haijui kukata, ukilala ukaiacha betri itashuka mpaka chini ya 2 na kuichaji tena baada ya hapo ni hatari, kwaiyo anza asubuhi.

Hesabu sasa. Wastani wa volti ulizoandika gawanya kwa omu unapata ampea, zidisha kwa masaa, zidisha kwa 1000. Mfano betri ya "9900": wastani volti 3.6, resista 7.5, ni ampea 0.48. Imekufa baada ya saa 1 na dakika 54, yaani saa 1.9. 0.48 mara 1.9 ni 0.912, sawa na mAh 912. Ingekuwa 9900 kweli ingewaka zaidi ya masaa 20 kwa resista hiyo hiyo, na orijino ya 3500 ingeenda masaa 7 na kidogo.

Ukichoka kukaa na daftari kuna kipimo kidogo kinaitwa ZB2L3, kinatumia resista hizo hizo ila kinahesabu chenyewe na kinakata kwenye volti uliyoiseti. Weka 2.8, tumia waya fupi na nene, na kilishe umeme kutoka kwenye pawabenki, sio ukutani, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hesabu inapotea na unaanza upya kuchaji. Zipo pia chaja zenye sehemu ya test kama LiitoKala Lii-500, nzuri, ila soma namba ya wakati wa kumwaga. Namba ya kuchaji haina maana yoyote kama betri iliingia ikiwa nusu.

Joto nalo lizingatie. Kibanda cha bati mwezi wa kumi na moja saa nane mchana sio mahali pa kupimia wala kuchajia, lithiamu nyingi mwisho wa kuchajiwa ni nyuzi 45. Fanyia kivulini, na betri zote unazolinganisha zipime kwa resista ile ile na mwisho ule ule wa volti, la sivyo namba haziongei lugha moja.

HATUA YA 4: Amua
Betri mpya ya 2600 ikitoa 2500 kwa mzigo huu ni halali, nunua tena pale pale. Ikitoa chini ya asilimia 80 ya lebo ya kweli imeshachoka, lakini zile za kutoka kwenye laptopu zinazotoa 1500 mimi nazitumia bila shida kwenye tochi ya betri moja. Tochi ya betri mbili zilizofuatana ni habari nyingine: weka mbili zinazokaribiana, tofauti isizidi asilimia 5 hivi, kwasababu dhaifu inaisha kwanza na mwenzake anaendelea kuivuta mpaka inageuka chanya kuwa hasi, hapo ndio betri zinapasuka ndani ya tochi. Andika mAh na tarehe kwa markapeni kwenye kila moja, na zile za 900 zibandike selotepu kwenye ncha zote mbili uziweke kwenye kopo la peke yake, zisiende kwenye moto wa takataka.