Kusajili kampuni Tanzania: malizeni mazungumzo kabla ya kufungua mfumo wa BRELA

Kazi yangu ni kusaidia watu kusajili kampuni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na maombi mengi yanayoletwa kwangu yakiwa yamekwama hayakukwamishwa na mtandao. Yamekwama kwa sababu wenye kampuni hawajakubaliana nani ana hisa ngapi, au jina la mmoja wao limeandikwa hivi kwenye kitambulisho na vile kwenye katiba ya kampuni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inafanyika kabla hujagusa kompyuta. Nazungumzia kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa (dhamana ya kila mwanahisa inaishia kwenye hisa zake), ile ambayo wengi tunaianzisha tukiwa wawili au watatu chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002.

Hatua ya 1: Gawaneni hisa, tena kwa maandishi

Kaeni wote. Andikeni nani ni mwanahisa, nani mkurugenzi, nani katibu wa kampuni. Mwanahisa ni mwenye mali, mkurugenzi ni mwendeshaji. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, lakini si lazima. Andaeni wakurugenzi wasiopungua wawili.

Kuhusu mgawanyo, naomba mnisikilize. Niliwahi kuwahudumia marafiki wawili waliogawana nusu kwa nusu, kwa upendo kabisa. Mwaka wa pili wakatofautiana juu ya nani awe mtia saini benki. Kila kikao kura zilifungana, moja dhidi ya moja, na katiba yao, waliyoinakili kwa kampuni nyingine, haikusema nani aamue. Biashara nzuri ikasimama miezi mingi. Nusu kwa nusu si kosa, ila basi katiba itamke mapema mkikwama mtafanyaje: mwenyekiti awe na kura ya uamuzi, suala lipelekwe kwa msuluhishi, au mmoja amnunue mwenzake kwa bei itakayopangwa na mthamini.

Jambo jingine ni mtaji, yaani jumla ya thamani ya hisa za kampuni. Watu hupenda kuandika kiasi kikubwa ili kampuni ionekane nzito. Ada ya usajili hupanda pamoja na mtaji: shilingi 95,000 kwa mtaji usiozidi milioni 1, hadi 440,000 ukivuka milioni 50. Zito zaidi ya ada ni kwamba hisa uliyoichukua bila kuilipia ni deni lako kwa kampuni, na kampuni ikifilisika mfilisi ana haki ya kukudai. Kama kuna zabuni inayotaka mtaji fulani, sawa, hiyo ni sababu. Vinginevyo andikeni mnachoweza kukilipa.

Hatua ya 2: Kusanya taarifa za kila mtu

Kila Mtanzania atahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN yake (namba ya mlipakodi), simu, barua pepe na anwani. Mgeni atatumia pasipoti. Andika majina kama yalivyo NIDA, herufi kwa herufi. Kama NIDA inasema Mohamed, usiandike Muhammad hata kama mwenyewe ndivyo anavyojiita.

Ofisi ya kampuni nayo iwe na mkoa, wilaya, kata, mtaa na namba ya nyumba au kitalu. Sanduku la posta pekee halitoshi.

Hatua ya 3: Katiba

Katiba ina sehemu mbili: waraka unaotaja jina, malengo na mtaji, na kanuni za kuendesha kampuni kwa ndani. Mifano ya bure ipo mingi, itumieni, lakini someni vifungu vinne kwa makini: uhamishaji wa hisa, kifo cha mwanahisa, akidi ya vikao (idadi ya chini ya wanaotakiwa kuhudhuria) na namna ya kumwondoa mkurugenzi. Kifungu cha kifo watu hukiruka kwa kuona haya, kisha warithi wanakuja na barua ya mahakama na hakuna anayejua waingie vipi. Wanahisa wote watie saini mbele ya shahidi, wakili agonge mhuri, kisha skani iwe PDF inayosomeka.

Hatua ya 4: Ingia ORS

Fungua akaunti kwenye ORS, mfumo wa usajili wa BRELA wa mtandaoni, kwa namba yako mwenyewe ya NIDA. Ukimwachia mtu wa kati atumie akaunti yake, siku ukitaka kubadili anwani utaanza kumtafuta.

Tafuta kwanza kama jina liko huru. Linalofanana sana na la kampuni nyingine hukataliwa. Halafu jaza shughuli za biashara, ofisi, wakurugenzi, katibu, wanahisa na hisa zao. Utaulizwa pia wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni au kuidhibiti hata kama hisa zimeandikwa kwa jina jingine. Taja ukweli.

Mfumo utakutolea fomu iliyojazwa. Ichapishe, isainiwe, irudishe pamoja na katiba, kisha lipa kwa kontroo namba (namba ya malipo utakayopewa) kupitia benki au simu. Juu ya ada ya mtaji kuna 66,000 za kuwasilisha nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu.

Ombi likirudishwa, soma maoni ya ofisa hadi mwisho na urekebishe yote kwa mkupuo mmoja. Likipita, cheti unakipakua humo humo.

Hatua ya 5: TRA, leseni, benki

Cheti pekee hakikupi ruhusa ya kuanza kuuza. Chukua TIN ya kampuni TRA (Mamlaka ya Mapato) na ufanyiwe makadirio ya kodi. Pata hati ya uthibitisho wa kodi, ndipo uombe leseni ya biashara. Leseni nyingi hutolewa na halmashauri, nyingine na BRELA, kutegemea aina ya biashara. Benki itataka azimio la bodi linalotaja watia saini. Ukiajiri, jisajili NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi).

Hatua ya 6: Taarifa ya mwaka

Kila mwaka, tangu tarehe iliyo kwenye cheti, kampuni hupeleka BRELA taarifa ya mwaka na kulipa 22,000. Inadaiwa hata kama hamkuuza kitu. Ukichelewa, faini inahesabiwa kwa mwezi, na nimeona watu wakija na malimbikizo ya miaka sita siku moja kabla ya zabuni kufungwa. Chukua simu yako sasa, weka kikumbusho cha kila mwaka kwa tarehe hiyo, na katibu wa kampuni aweke chake.