Madeni yote kwenye daftari moja
Wanandoa, usiku mmoja watoto wakishalala, wekeni kila deni mezani: la kikoba, la simu, la dukani kwa Mangi, hata lile la kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa mno, ambalo mwenzako halijui. Hilo ndilo gumu kulitamka, kwa hiyo anayelitaja asifokewe, la sivyo mengine yatabaki mafichoni. Andikeni kiasi, riba na tarehe. Elekezeni nguvu kwenye lenye riba kali: 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi inawala 20,000 kila mwezi, na deni liko palepale. Mengine lipeni rejesho la kawaida tu. Shemeji aliyewakopesha bila riba mpigieni nyinyi kwanza, mwombeni tarehe mpya.