Meko sakafuni, mtoto miguuni: kumkinga mtoto asiungue katika nyumba ya chumba kimoja

Watu wakisikia mtoto ameungua hufikiria mwali wa moto. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mara nyingi kinachounguza ni chai, uji, supu ya maharagwe au maji ya kuoga. Nairobi iko juu kiasi kwamba maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 badala ya 100, lakini hilo halimsaidii mtoto, maana nyuzi 60 tu zinatosha kumwachia kidonda ndani ya sekunde chache. Chai iliyomiminwa inaweza kumuunguza hata dakika 15 baadaye, wakati mama ameshasahau kwamba kikombe kiko ukingoni mwa meza.

Pima mkono wa mtoto

Msimamishe ukutani, ainue mkono juu kabisa, kisha uweke alama ya chaki kwenye ncha za vidole. Ongeza sentimita 40, ambazo ni kama kimo cha jerikeni ya lita 20, kwa sababu hicho ndicho atakachopandia. Thamosi, birika na sufuria iliyoepuliwa zikae juu ya alama hiyo. Rudia kila miezi mitatu: katika mwaka wa pili mtoto hurefuka sentimita 10 hivi. Kitambaa cha meza kiondoe kabisa, na waya wa birika la umeme usining'inie. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kinachoning'inia.

Meko na ugali

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye bana (kichomeo) juu yake ni rahisi kuhamisha, na hapo ndipo penye shida. Ukiuweka sakafuni, mwali unakuwa kati ya tumbo na kifua cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ukiupandisha juu ya stuli, utayumba.

Tazama kinachotokea ugali unapokaza. Mwiko unasukuma sufuria upande mmoja kwa nguvu, na mtungi una kitako chembamba. Sufuria ikiwa pana kuliko vyuma vya bana, uzito wote unalalia upande huo huo na kila kitu kinapinduka. Fundi wa kuchomelea wa jua kali anaweza kukutengenezea stendi: miguu minne iliyotanuka angalau sentimita 10 kupita mtungi kila upande, pete ya kuushika mtungi usicheze, na ukingo mfupi juu wa kuzuia sufuria isiteleze. Mwambie aache pande wazi ili uweze kufikia valvu haraka. Kabla ya kulipa, weka mtungi na sufuria ya maji baridi, kisha songa kwa mwiko kama unavyosonga ugali. Ikitikisika, irudishe.

Ukipika bila stendi, pika penye pembe ya chumba, mbali na pazia la kitanda, na mtoto awe nyuma ya kizuizi. Ubao wa sentimita 70 uliosimamishwa kati ya kitanda na sehemu ya kupikia unatosha kwa mtoto mdogo. Usiupigilie misumari, kwani moto ukitokea nyinyi nyote mnapita hapo hapo. Usipike ukiwa umembeba mgongoni: ukiinama, mkono wake hufika kwenye sufuria kabla yako.

Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo zinaepuliwa kwa kitambaa. Kitambaa kibichi ni hatari kuliko kikavu, kwa sababu maji yaliyomo hugeuka mvuke papo hapo, unaungua vidole na unaiachilia sufuria. Tumia viwili vikavu, usijaze kupita robo tatu, na kabla ya kuinua, uliza kwa sauti: mtoto yuko wapi? Usimwachie dada yake wa miaka minane kazi ya kuepua.

Baada ya kupika, funga valvu ya mtungi, si kitufe cha bana peke yake. Uvujaji unapimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti.

Makaa na mafuta taa

Makaa chini ya jivu hubaki na moto kwa saa nyingi, hivyo jivu usilimwage kwenye korido ya ploti. Limwagie maji kwanza. Jiko la makaa lenye moto usilale nalo ndani hata Julai ikikaza baridi, kwani hewa yake huua kimya kimya. Stovu ya mafuta taa izime na uiache ipoe kabla ya kuongeza mafuta. Na mafuta yasikae kwenye chupa ya soda: mtoto atayanywa.

Maji ya kuoga

Maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate. Ukianza na ya moto, unageuka kuchukua jagi na mtoto anarudi kinyumenyume na kukalia beseni. Koroga, pima kwa kiwiko, ndipo umwite.

Akiungua

Mvue nguo, bangili na shanga, ila kilichogandamana na ngozi kiache. Mimina maji baridi ya kawaida juu ya kidonda kwa dakika 20. Mfereji ukiwa mkavu, jerikeni moja ya lita 20 inatosha ukimimina lita moja kwa dakika, kwa hiyo weka moja iliyojaa isiyoguswa kwa kazi nyingine. Hata ukichelewa, maji yanafaa ndani ya saa tatu za kwanza. Sehemu nyingine ya mwili ifunike blanketi asipatwe na baridi. Barafu usitumie.

Shosho atasema lete dawa ya meno, au yai, au unga. Mwambie kwa heshima kwamba vitu hivyo hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula au leso iliyofuliwa, bila pamba.

Mpeleke hospitali kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, kikiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kama goti au kiwiko, ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi, au akiwa hajatimiza mwaka. Anza na kituo kilicho karibu. Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi ina kitengo cha majeraha ya moto, na kituo kitampa rufaa ikihitajika. Namba za dharura ni 999 na 112. Beba kijitabu chake cha kliniki, maana wataulizia chanjo ya pepopunda.