Sabuni ya maji ya mafuta ya nazi, bila sulfoniki wala slesi

Wengi wetu tulianza na sabuni ya ndoo: sulfoniki na slesi (kemikali za kiwandani zinazosafisha na kutoa povu), chumvi, rangi, pafyumu, unakoroga mpaka bega liume. Sina ugomvi nayo, imesomesha watoto wa watu. Ila sulfoniki asili yake ni petroli, na anayeibandika "sabuni asilia" kwa kuwa ametia matone ya mwarobaini anamdanganya mteja. Leo tunapika ile ambayo povu lenyewe linatoka mnazini.

Kinachosafisha ni molekuli yenye kichwa kinachoshika maji na mkia unaoshika mafuta. Wakemia huiita safaktanti. Mkia tunautoa kwenye mafuta ya nazi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye mkia mfupi, ndiyo maana povu huja upesi hata kwa maji baridi. Kichwa kinatoka kwenye potashi kali, yaani haidroksidi ya potasiamu (KOH). Si kostiki soda. Kostiki soda hutoa sabuni ya mche, potashi hutoa sabuni laini inayoyeyuka. Soma lebo mwenyewe, wauzaji wengine huzichanganya.

Vipimo vya kupata lita 2 hivi:
– mafuta ya nazi gramu 500
– potashi ya asilimia 90, gramu 138
– maji ya mvua au yaliyotoneshwa, gramu 420
– maji mengine kilo 1, ya kuyeyushia mwishoni

Vyote hivyo hupimwa kwa mizani, hata maji. Kikombe kiache jikoni.

Hiyo 138 haikuokotwa. Gramu 1 ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 0.257 ya KOH safi. Kwa 500 ni 128.5. Potashi ya dukani kwa kawaida si safi kabisa, kwa hiyo gawa kwa 0.9 upate karibu 143, halafu punguza asilimia 3 ili yabaki mafuta kidogo badala ya potashi. Kama lebo yako inasema asilimia 85, gawa kwa 0.85. Mimi mara ya kwanza nilinakili vipimo vya mtu bila kuangalia lebo, nikapata sabuni iliyochubua vidole vyangu wiki nzima.

Hatua ya 1. Mafuta ya kukamua nyumbani huwa na maji na masimbi. Yapashe moto mpaka yaache kutoa mlio, yatuame, chuja kwa kitambaa. Ukiyapima yakiwa na maji umeshajidanganya.

Hatua ya 2. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto na paka nje. Mimina potashi kwenye maji, kidogo kidogo. USIMIMINE maji juu ya potashi, yatakurukia. Tumia chombo cha stenlesi au plastiki ngumu inayohimili joto. Sufuria za kawaida za alumini ni marufuku: potashi huila na kutoa gesi inayowaka. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Usikimbilie siki. Ikiingia jichoni, endelea kuosha huku mkienda hospitali.

Hatua ya 3. Mimina maji ya potashi kwenye mafuta yenye uvuguvugu, koroga kwa blenda ya mkono, ukipumzika kila baada ya muda isiungue. Itapita uji, itakuwa ugali. Weka chombo juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, funika, geuza kila nusu saa. Baada ya saa 2 au 3 itaanza kung'aa na kuvutika kama halua.

Hatua ya 4. Chukua gramu 10, yeyusha kwenye gramu 20 za maji ya moto. Yakiwa angavu, imeiva. Yakiwa kama tui, rudisha motoni.

Hatua ya 5. Ongeza ile kilo ya maji yakiwa moto, funika, lala. Asubuhi utakuta imeyeyuka yenyewe. Kukoroga kwa hasira kunaongeza povu tu.

MASWALI

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Yangu nyepesi kama maji. Niongeze chumvi?

Marahaba. Hapana. Chumvi huvimbisha slesi. Sabuni ya nazi haivimbi kwa chumvi. Sabuni hii huvumilia chumvi kiasi kwamba hutoa povu hata kwa maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliipenda. Iuze kwenye chupa ya kupampu ya povu, hakuna atakayelalamika.

Swali (Kigoma): Huku tuna mise tele, mafuta ya kokwa za mchikichi. Inafaa?

Sana, ni ndugu yake. Tumia potashi gramu 133 kwa gramu 500. Lakini usiweke mawese mekundu kwa vipimo hivyohivyo. Hayo huhitaji potashi pungufu kuliko mise, na sabuni yake huwa na ukungu.

Swali: Nimetia maji ya ndimu ifike pH 7, yaani isiwe asidi wala alkali, imegeuka maziwa na mafuta yanaelea.

Umeirudisha ilikotoka. Asidi huvunja sabuni ikawa asidi za mafuta. Sabuni ya kweli hukaa pH 9 hadi 10.5. Anayetaka 7 atafute glukosaidi, inayotengenezwa kwa sukari ya nafaka na alkoholi za mafuta ya nazi au mise. Hiyo ni ya kiwandani, utainunua tu.

Swali (Unguja): Maji ya kisima changu yanaacha ukoko mweupe kwenye beseni.

Kisima cha kwenye mawe ya matumbawe, bila shaka. Chokaa ya maji inashikana na sabuni. Kinga maji ya mvua.

Swali: Bibi alitumia majivu ya maganda ya ndizi. Tuachane na potashi ya dukani?

Bibi alijua. Majivu hayo yana kaboneti ya potasiamu kwa wingi, na maji yake yakichanganywa na chokaa iliyozimwa hutoa KOH yenyewe. Chokaa iliyotumika inazama chini. Shida ni kwamba kila jivu lina nguvu yake, na ile 138 huwezi kuipima. Kwa matumizi ya nyumbani jaribu, chemsha taratibu huku ukionja kwa macho. Kwa kuuza, hapana.

Swali: Kuonja kwa macho ndiyo nini, mwalimu?

Hatua ya 4, mwanangu. Na tone moja la fenofthalini, kemikali inayoonyesha alkali kwa rangi, kutoka duka la vifaa vya maabara, kwenye sabuni kidogo iliyoyeyushwa kwa spiriti, si kwa maji: ikigeuka waridi, potashi bado ipo. Kwa maji hata sabuni iliyoiva hugeuka waridi.