Babu alikuwa Keya? Anza na namba, si jina

Wenye mababu waliotoka Iringa, Njombe, Tukuyu au Mbeya wakaenda vita vya Hitla na jeshi la Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki): msianze kutafuta kwa jina. Makarani waliandika walivyosikia. Jina linaloanza na "Mwa" huenda likakatwa hapo mwanzo, l ikawa r, na mara nyingine jina la baba likashika nafasi ya jina lake mwenyewe. Namba ya jeshi ndiyo isiyoyumba. Fungueni lile sanduku la bati la bibi mtafute cheti cha kuachishwa jeshi, hata kama kimeliwa na mchwa pembeni. Nishani peke yake haisaidii sana, maana zile za 1939 hadi 1945 Waingereza walizitoa bila kuchonga jina.

Kama hakurudi, tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) inatafutwa bure. Jina likigoma, weka jina la wilaya kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, kwa tahajia ya zamani pia, kisha soma mmoja mmoja. Waliopotea Burma (Bama ya wazee, leo Myanmar) bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan.

Ila wazee kwanza, jamani, wiki hii hii. Waulizeni alipigana wapi: Habeshi, Madagaska au Bama? Na chifu wake alikuwa nani? Rekodi mtakazoomba zinaweza kusubiri.